Kitambaa cha Kati

Wengine hupima nguo, wengine hupima viwanja. Yeye alipima pumzi. Kila Alhamisi, kabla mashine hazijawashwa, aliingia kwenye karakana ya kukata mawe na kisanduku chake begani, akakaa katika chumba cha kubadilishia nguo, na vijana kumi na watatu wakapita mbele yake mmoja mmoja. Anambana mtu pua kwa kibanio, anamtia mrija wa kadibodi mdomoni, halafu anaanza kelele zake. "Vuta! Jaza, jaza, jaza! Haya puliza! Puliza, puliza, usiache, bado, bado, kamua!" Mtu anatoka pale macho yamemtoka pima. Mara tatu asubuhi kabla hawajavaa barakoa, mara tatu jioni wakishazivua. Ndipo wakambatiza Dada Pumzi, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akawa analitumia.

Karakana ile ilikata yale mabamba ya mawe yanayowekwa juu ya makabati ya jikoni, yanayong'aa hadi mwenye nyumba anatamani kujitazama humo akichana nywele. Kung'aa kule hakuji bure. Msumeno ukigusa jiwe linatoka vumbi jeupe, laini kuliko poda ya mtoto, linatua kwenye kope, kwenye masikio, kwenye kikombe cha chai ulichokifunika. Kwa hiyo msimamizi, mtu wa masharubu na amri, alikuwa mkali wa barakoa kuliko alivyokuwa mkali wa saa. Huvai, huingii. Zilikuwa barakoa nene nyeupe, zimeshonwa tabaka tatu, kila mtu mbili kwa wiki, na ziligawiwa Jumamosi wakati wa kutoka ili Jumatatu mtu aje amejiandaa.

Hospitali iliyomtuma ilitaka kujua jambo moja tu. Kijana mzima, asiye na ugonjwa wowote, akikaa na barakoa usoni kutwa nzima, siku baada ya siku, je, pumzi yake inapungua? Daktari mwenye utafiti alimpa fomu zenye safu tatu: asubuhi, jioni, na tofauti. "Wewe niangalizie tofauti," alimwambia. "Hiyo ndiyo nyama. Mengine ni mchuzi." Naye alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa. Kila Alhamisi fomu mpya, anatoa jioni kwenye asubuhi, anaandika tofauti, anakunja nakala yake anaitia kisandukuni, basi.

Miongoni mwa wale kumi na watatu alikuwamo mdogo wake wa tumbo moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia nafasi, akamsemea kwa msimamizi mpaka mate yakamkauka, maana kijana alikuwa amemaliza shule na mwaka wa pili huo alikuwa anakaa nyumbani akipiga mluzi. Si kwa mfano. Ni mluzi hasa. Tangu mdogo jina lake lilikuwa Mluzi. Akikata kona pale kwenye bomba la maji la mtaa, anaanza, na hakati mpaka mlango wa kwao, hatua arobaini kwa pumzi moja. Mama yao, aliyekuwa fundi cherehani, akisikia tu anainua mguu kwenye pedali na kubandika chai.

Na mama huyo alikuwa na wazimu wake kuhusu pumzi ya mwanawe. Tusimlaumu. Mluzi alizaliwa kimya. Mkunga alimning'iniza miguu juu, akampiga makofi, akampulizia mdomoni, na mama amelala pale anahesabu moyoni, na mtoto kimya. Alipofika sitini na tatu ndipo akasikia kilio. Miaka ishirini na mbili ilishapita, lakini kijana akipiga chafya tu mama anaacha kushona.

Sasa mwezi wa kwanza wa kazi, vijana walilalamika, loo! Barakoa inachoma. Barakoa inabana. "Napumua pumzi yangu mwenyewe ya jana," alisema Kifupi, ambaye lile jina walimpa kwa sababu alikuwa anainama kila mlango. Na fomu ziliwaunga mkono kidogo. Jioni walipungua, si sana, robo lita huyu, kibaba yule. Daktari akasema ni joto na uchovu, asubuhi wataamka nayo. Na kweli asubuhi waliamka nayo.

Jumapili moja ya mwezi huo Dada Pumzi alikwenda nyumbani, akakaa mkekani anamenya machungwa, na mama yake akamuuliza kama anayeuliza bei ya nyanya. "Hivi, mwanangu, kweli hayo mabarakoa yanamla mdogo wako pumzi?"

"Kidogo tu, Mama. Si kitu. Kile kitambaa cha kati ni kizito, ndicho kinachobana. Anarudi sawa."

"Cha kati."

"Cha kati. Hebu nipe kisu kingine, hiki hakikati."

Basi. Ndiyo maneno yote. Aliyasema na mdomo umejaa chungwa, akaenda zake, akayasahau kabla hajafika kwake.

Mwezi wa pili ukaleta ajabu. Tofauti zikaanza kuyeyuka. Kijana anapuliza lita tano asubuhi, anapuliza tano jioni. Wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Malalamiko yakaisha, watu wanatoka na barakoa shingoni wakitaniana kama wanatoka mpirani. Daktari alisugua viganja kwa furaha. "Mwili umezoea! Mwili wa kijana ni mpira, ukiuvuta unavutika." Dada Pumzi naye akafurahi, na kwa nini asifurahi? Aliwaambia vijana kwa mdomo wake: "Mko salama. Karatasi zinasema mko salama." Aliwaambia hivyo kila Alhamisi kwa miezi saba.

Siku moja alimkuta mama yake ana kapu la zile barakoa kando ya cherehani, mpya kabisa, limejaa. "Hizi zimefuata nini huku?"

"Mikanda inawabana kichwani. Nawalegezea." Mama hakuinua uso. "Mdogo wako alileta zake, wenzake wakaona, wakamuomba. Watoto wa wenzangu hao, nitawakatalia?"

Akacheka. Akaona fahari, hata. Hakujua kwamba Mluzi alikuwa amemkanya mama: dada asiambiwe kitu, dada ni mtu wa hospitali, atatuchomea kwa msimamizi.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Jumapili, saa tisa mchana, dada mtu yuko jikoni kwa mama anaosha vyombo, akasikia mluzi pale bombani. Wimbo uleule wa kipuuzi wa siku zote. Akatabasamu, akaanza kuhesabu hatua kichwani kama walivyokuwa wakifanya utotoni. Kumi. Kumi na tano. Kwenye nguzo ya umeme mluzi ukakatika. Akangoja. Akasikia kikohozi, kikavu, kinachokwaruza, halafu kimya, halafu miguu inaburura. Mluzi aliingia akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Umekunywa nini wewe?"

"Dada, na wewe. Mafua." Akapita moja kwa moja chumbani kwake.

Alimfuata. Alimkuta ameegemea, si amelala. Ameegemea mto mmoja mnene mweupe ambao hakuwahi kuuona, mkubwa kama gunia dogo. "Huu mto wa kifalme umetoka wapi?"

"Mama kanishonea. Nikilala bapa sipati usingizi." Akafumba macho. Mbavu zake zilipanda na kushuka kwa haraka, kama za mtu aliyepanda ngazi, na hali hakuwa amepanda ngazi yoyote.

"Laini kuliko pamba," mama alisema kutoka mlangoni, mikono kiunoni, anajisifu. "Weka mkono uone."

Dada Pumzi aliweka mkono. Ulikuwa laini kweli.

Hakulala vizuri wiki ile. Alhamisi alipima kama kawaida, mdogo wake akapuliza tatu na nukta sita asubuhi, tatu na nukta sita jioni. Tofauti: sifuri. Kalamu ikaandika sifuri. Kisha kalamu ikakaa palepale, maana kwa mara ya kwanza alijiuliza swali la mtu ambaye si karani: tatu na nukta sita? Huyu?

Vijana walipokwisha kutoka kwenda kunawa uani alifungua kisanduku, akatoa nakala zote za miezi minane na zaidi, akazipanga sakafuni, moja baada ya nyingine, kutoka dirishani hadi kwenye makabati ya nguo. Hakuwahi kufanya hivyo. Siku zote alisoma fomu kwa kwenda kulia, asubuhi, jioni, tofauti. Sasa akavua viatu, akatembea juu yake akisoma asubuhi peke yake. Mluzi: tano na nukta mbili. Tano. Nne na nukta nane. Nne na nukta tatu. Nne. Akawa anashuka naye, hatua kwa hatua, mpaka akagonga makabati.

Akarudi dirishani, akamfuata wa pili. Anashuka. Wa tatu anashuka. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi, na yeye miezi yote alikuwa anatazama jioni. Kila wiki wote kumi na watatu walikuwa wakifika kazini na pumzi pungufu kuliko ya wiki iliyopita, na kila wiki aliwaambia mko salama.

Wote kumi na watatu? Hapana. Mmoja hakushuka. Kifupi. Huyo alikuwa na tano na nukta moja dirishani na tano na nukta moja makabatini, na jioni zake zilikuwa bado zinapungua robo, kama mwezi wa kwanza. Mwili wake peke yake ndio haukuzoea.

Alitoka bila viatu akamkuta uani, Kifupi ameinama bombani anajimwagia maji kichwani. "Wewe," akamwambia, "unafanya nini ambacho wenzako hawafanyi?"

"Mimi? Sijafanya kitu, Dada!"

"Sikulaumu. Nijibu. Kazi ni ileile?"

"Ileile."

"Msumeno uleule? Barakoa zilezile?"

Hapo Kifupi akaanza kuitafuta sabuni ambayo ilikuwa mkononi mwake. "Barakoa... Dada, mimi yangu sikuipeleka kwa Mama. Niliona haya. Mdomo wangu mimi naujua mwenyewe, Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimeshaijaribu ile mpya, ikanuka. Sasa nimpelekee mama wa mtu barakoa inayonuka? Nikaacha. Wiki ya pili nikaona nikipeleka watauliza mbona sikupeleka ya kwanza. Nikaendelea kuacha."

"Kuipeleka afanye nini? Kulegeza mikanda?"

"Mikanda gani? Kuitoa matumbo." Akamwangalia kwa mshangao wa kweli. "Kumbe hujui? Anaifumua ubavuni, anatoa kile kizito cha kati, anashona tena. Hata msimamizi haoni. Unapumua kama huna kitu."

Kuna barakoa ilikuwa imetundikwa kwenye msumari hapo karibu, ya mmoja wao. Dada Pumzi aliichukua, akaipasua kwa meno. Kitambaa cha mbele. Kitambaa cha nyuma. Katikati hapakuwa na kitu, ila unga mweupe ulioganda kwenye mishono, ukamwangukia kwenye vidole vya miguu.

Aliwaita vijana wote. Aliwaeleza vizuri, kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Wakatazamana. Mmoja akacheka. "Mama Cherehani atudhuru sisi? Mama yule?" Mwingine hakucheka, na maneno yake ndiyo yaliyomkata maini: "Dada, wiki iliyopita tu ulisimama hapo hapo ukatuambia tuko salama. Leo karatasi zimebadilika? Tukuamini wewe wa wiki ile au wewe wa leo?" Wakavaa viatu vyao wakaenda. Msimamizi yeye alichezea masharubu. Kusimamisha kazi hawezi, amri itoke juu. Lakini Jumamosi wanagawiwa mpya, nzima, tabaka zote tatu. "Kwa hiyo tatizo limekwisha," akasema.

Ijumaa alimchukua mdogo wake kwa nguvu, wakaenda kupiga picha ya kifua. Daktari aliitundika kwenye taa, akaitazama muda mrefu kuliko inavyopendeza. Mahali panapotakiwa pawe peusi palikuwa pamejaa chenga nyeupe, kama mtu aliyemwaga chumvi.

"Vumbi la jiwe halina dawa ya kulitoa," alisema kwa sauti ya chini, Mluzi akiwa bado anavaa shati chumba cha pili. "Halikoholeki, haliyeyuki. Likishaingia limejenga. Huyu tutamtunza, tutampunguzia taabu. Nisikudanganye zaidi ya hapo."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Naandika barua leo ili pafungwe. Lakini barua ina miguu ya kobe; inaweza kufika wiki ijayo, inaweza kufika ijayo yake. Wao hawajafika alipofika mdogo wako. Wakiacha kulivuta sasa, wengine tunawawahi. Jumatatu asiingie mtu mle bila kinga kamili. Kila siku hapo ni siku."

Alitaka kusema, na mimi, daktari? Na wewe na nyama yako na mchuzi wako? Lakini daktari mwenyewe alikuwa amezishika fomu zake za tofauti, anazigeuza geuza, hajui aziweke wapi.

Jumamosi saa nane mchana alikuwa mlangoni kwa mama yake. Jua lilikuwa limeingia ndani mpaka kwenye cherehani. Juu ya meza, rundo. Barakoa ishirini na mbili mpya, za vijana kumi na mmoja, zimeshafika kabla yake. Tisa zilikuwa tayari, zimepangwa vizuri. Kando yake vitambaa tisa vizito vyeupe. Ya kumi ilikuwa mkononi mwa mama, na wembe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia polepole, mdogo wako kapitiwa na usingizi sasa hivi." Wembe uliendelea, tak, tak, tak, uzi mmoja mmoja, mama alikuwa fundi. "Amenieleza mambo ya picha. Nilijua mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii ni nguo ya mdomo. Imemmaliza mwanangu. Kosa langu ni moja: nilimwacha mwezi mzima wa kwanza anavaa vile walivyompa. Ningeanza siku ileile angekuwa mzima."

Hapo Dada Pumzi akaona njia ya mkato, akaikimbilia. "Mama, daktari amekataza barakoa zisiguswe tena. Ni sheria."

"Daktari kazaa?"

"Mama."

"Nimekuuliza, kazaa? Alishawahi kuhesabu mpaka sitini na tatu?" Tak. "Hawa nao wana mama zao. Mmoja wao kaja hapa na vitumbua..." alifuta jasho. "Kaja na shukrani mkononi, amenipigia magoti, eti mwanawe sasa anarudi nyumbani anapumua. Nimwambie sheria? Nitawatolea hata kama ni kwa siri. Nitawatolea mpaka vidole viishe."

Na kweli angewatolea. Hilo ndilo lililombana mwanawe pale mlangoni. Angeweza kubeba lile rundo akakimbia nalo; Jumamosi ijayo lingekuja lingine. Angeweza kuwapigia vijana kelele. Walishamsikia, wakavaa viatu. Walikuwa wanamsikiliza mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa ameshika wembe, na hapakuwa na namna ya kumsimamisha isipokuwa kumwambia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, watu wanasema. Hakuna aliyewahi kusema lolote juu ya mwana anayechelea kumliza mama.

Alipiga magoti kando ya cherehani, akaushika mkono wenye wembe.

"Mama. Si barakoa."

"Nini?"

"Barakoa haikumfanya kitu. Ni vumbi. Kile kitambaa cha kati ndicho kilichokuwa kinalizuia."

Mama alimtazama kama anayesubiri mtu amalize kufasiri. "Hiki kizito?"

"Ndicho."

"Hiki nilichokitoa ili apumue."

"Ndiyo, Mama." Alizidi kuushika ule mkono. "Na mimi ndiye niliyekwambia ni kizito. Mimi ndiye niliyekaa miezi minane nasoma karatasi vibaya. Si wewe peke yako, Mama. Tafadhali, si wewe peke yako."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Mama aliweka wembe chini, taratibu, sambamba na mkasi, mahali pake pa siku zote. Akaweka kiganja juu ya rundo.

"Hawa Jumatatu wanaingia?"

"Wanaingia. Mimi wamenikatalia. Watakusikia wewe."

"Watanisikia." Alivuta barakoa ya kwanza kati ya zile tisa, akaifumua kwa harakaharaka, akarudisha kitambaa chake, akaipitisha chini ya sindano. Cherehani ikalia. Ya pili. Ya tatu. Mpaka ya kumi, ile iliyokuwa nusu, akaifunga. Akazipanga zote ishirini na mbili kwenye kapu, akalifunika. "Jioni nitazipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nitawaambia mbele ya mama zao. Nitawaambia nilichofanya."

Kisha akainuka, akaingia chumbani kwa Mluzi. Dada Pumzi alimwona kupitia mlangoni akimwinua kijana kichwa kwa mkono mmoja, kama anavyoinuliwa mtoto mchanga, akiuvuta ule mto, akimkunjia shuka badala yake. Akarudi nao ameukumbatia. Akauweka mezani, akauchana kutoka pembe hadi pembe.

Vilitoka vingi. Vyeupe, vizito, kila kimoja kwa ukubwa wa uso wa mtu. Vilimwagika mezani, vikafunika mkasi, vikaanguka sakafuni. Vya miezi saba, vya watu kumi na wawili. Hakuwa amekitupa hata kimoja. Tangu lini fundi akatupa kitambaa kizima?

"Mama, hivyo havifai tena."

"Zile za kapuni ni za wenzake," alisema mama. "Hivi ni vyake." Alichukua barakoa kuukuu ya Mluzi kutoka kwenye msumari wa ukutani, akatia kitambaa kimoja ndani. Akatia cha pili. Akatia cha tatu. Akajaribu kutia cha nne.

"Mama, haisaidii sasa. Mama, basi."

"Nitungie uzi, umekatika. Macho yangu leo hayaoni tundu."

Akautunga. Angefanya nini kingine? Alilowesha ncha ya uzi ulimini, akautunga, na mguu wa mama ukarudi kwenye pedali, na cherehani ikaanza kulia tena juu ya kitu kinene ambacho sindano haikuweza kukipenya. Nyuma yao kitanda kikalia. Kikasikika kikohozi kile kikavu, kirefu, halafu sauti ya mtu aliyeamshwa na kukosa hewa.

"Mama," Mluzi aliita, "mto wangu nani kauchukua?"